Kijani Kisicho na Namba

Jikoni, Kituo cha Kupima Anga
4 Oktoba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, mgongo umetulia, na jirani yetu msusi bado anakuletea umbea kabla hujamaliza chai. Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa pua. Pua siisikii tena, nadhani iliganda siku ile niliposhuka kwenye ndege. Jua la huku linachungulia kidogo tu halafu linakimbia, na wenyewe wanasema ikifika katikati ya msimu wa baridi halitachungulia kabisa.

Usinune kwamba nakuandikia badala ya kupiga. Simu ya hapa ni ya kazi, na hata tukipigiana unamaliza muda wote kwa kupiga kelele “unanisikia?” Barua hubebwa na ndege ndogo inayotuletea unga na mafuta, nayo huja hali ya hewa ikipenda.

Kazi inakwenda vizuri. Napika mkate, na mkate wenyewe hauwahi kufika mezani, wananyang'anyana mlangoni mwa jiko. Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za mkate. Shangazi, mbingu za huku zinawaka!

Nilitoka nje kumwaga maji ya vyombo, nikainua macho. Juu ya paa la ghala kulikuwa na mkanda wa kijani, unatembea. Nasema unatembea! Ukajikunja, ukajinyoosha, ukapasuka vipande viwili, na kwenye pindo ukatoa zambarau. Nikatupa beseni nikakimbilia ndani nikipiga mayowe kwamba ghala linaungua. Watu wazima na shahada zao wakatoka mbio na mitungi ya kuzimia moto. Walipoona nilichokiona, mmoja alicheka mpaka akakaa kwenye theluji.

Aliyenihurumia ni mpima anga, ambaye kazi yake ni kukesha akizipiga picha rangi hizo. Alinieleza kwamba jua halitoi joto na mwanga peke yake, linapuliza pia upepo wa chembechembe zenye umeme. Dunia yetu nayo ni sumaku kubwa, inazielekeza chembe hizo kwenye ncha zake, na huko juu, mara kumi ya kimo cha ndege, zinaigonga hewa. Hewa ikigongwa inawaka. Kile kijani ni oksijeni, hii hii tunayovuta puani tukiwa na pua.

“Ni kama mrija wa bango la taa,” akasema. “Gesi ndani, umeme unapita, unapata rangi.” Hapo nikamkumbuka adui yako wa ng'ambo ya barabara, Bwana Taa, na mirija yake inayokunyang'anya wateja, nikacheka peke yangu hadi mpima anga akaniona nimechanganyikiwa.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Aprili, na nitarudi kama nilivyokuahidi. Tangu baba alipofariki ni wewe uliyenilisha, ukanivika na kunifundisha kuchora herufi zilizonyooka. Siwezi kukuacha na ndoo za rangi peke yako. Nani anakushikia ngazi siku hizi? Usinidanganye kwamba unaiegemeza kwenye mti.

Wako,
Kidoti

*

Karakana ya Mabango
30 Oktoba

Kidoti mwanangu,

Marahaba. Barua imefika ikiwa na doa la siagi. Mgongo upo, umbea upo, na paka wa msusi amezaa ndani ya sanduku langu la brashi, kwa hiyo wiki nzima napaka kwa brashi za akiba. Nakula vizuri, nalala vizuri. Kitanda chako nimekitandika, hakuna anayekigusa.

Sasa tuongee. Mbingu zote hizo, na jua, na sumaku, halafu huyo mpima anga wako anakosa mfano mwingine isipokuwa mirija ya Bwana Taa? Nilipofika kwenye sentensi ile nilikuwa nawasomea barua wateja wa saluni, na nani alikuwa anapita mlangoni? Mwenyewe! Akasimama, akaegemea mlango kama mwenye nyumba. “Umesikia, Mama Rangi?” akasema. “Mbinguni nako wanatumia kazi yangu. Mwanga haupakwi kwa brashi.”

Msusi, ambaye hajui kuacha jambo likapoa, akasema anataka ukuta wa nje wa saluni uwe na mbingu hizo hizo. Mimi nipake, Bwana Taa akunje mirija, na atakayempendeza ndiye atakayepewa kazi. Kwa hiyo hili si suala la ukuta tena, Kidoti, ni suala la heshima ya familia.

Nakutumia kadi ya rangi. Kijani zote nilizonazo zimo, na kila moja ina namba yake. Toka nje usiku, iinue kadi mbele ya huo mkanda, tafuta kinachofanana, uniandikie namba. Basi. Rangi ni rangi, iwe ya ukuta iwe ya mbinguni. Fanya hivyo hivyo na nyekundu na zambarau.

Kuhusu ngazi, inashikwa. Usijisumbue.

Halafu huyo mpima anga ana umri gani? Nauliza tu, kwa sababu umemtaja kuliko mkate.

Shangazi yako

*

Jikoni
2 Desemba

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa brashi. Wabusu watoto wa paka. Jua limetuaga rasmi, sasa tunaamka usiku, tunakula chakula cha mchana usiku na tunalala usiku. Mimi nimenenepa, naomba usiwaambie watu.

Kadi ilifika na gunia la vitunguu. Usiku ule ule anga likafunguka, nikavaa kila nguo niliyonayo, nikatoka. Nikainua kadi juu mbele ya ule mkanda. Shangazi, unajua niliona nini? Niliona kadi nyeusi! Kijani zako zote, kuanzia ya majani ya mgomba hadi ya chupa, zimekuwa nyeusi tii kwa sababu kuna giza. Nikasema sawa, nitaimulika kwa tochi. Nikaimulika, kijani zako zikatokea zote zinang'aa, nikainua macho kutazama mbingu, mbingu hakuna. Tochi imeniziba macho. Nikazima, mbingu zikarudi, kadi ikapotea. Nikawasha, nikazima, nikawasha, nikazima, hadi mpima anga akatoka kuuliza ni nani anayeipigia dunia nyingine ishara.

Nilimwambia nimetumwa na shangazi. Hakucheka. Akaniambia nimshikie skafu, akachukua kadi, tukapanga kwamba mmoja atazame kadi kwa tochi na mwingine atazame juu, kisha tupigiane kelele tulichokiona. “Kama kumi na saba!” “Hapana, kali zaidi!” “Kumi na tisa?” “Kumi na tisa ina njano!” Tulibishana hadi masikio yake yakawa mekundu kama pilipili. Nakurudishia kadi. Kwenye kila namba tumeandika hapana.

Anasema kosa si lako wala la rangi zako. Rangi ya ukuta inangoja kumulikwa ndipo ionekane, lakini ile ya juu inatoa mwanga wake yenyewe. Tena usije ukakosea mpangilio ukutani. Kijani inakaa chini, nyekundu inakaa juu yake, na zambarau ni pindo la chini kabisa, hiyo inatokana na naitrojeni. Na nyekundu nayo ni oksijeni, ila ni oksijeni mvivu. Ikishagongwa inahitaji kama dakika mbili nzima ya kuachwa kwa amani ndipo itoe mwanga wake. Ikipata msukosuko kabla ya hapo, inanyamaza moja kwa moja. Ndiyo maana inaonekana juu sana tu, ambako hewa ni chache na hakuna wa kuisukuma.

Mpima anga ni mtu wa kazi tu, Shangazi. Umri sijui. Jioni hupanda juu ya paa kufuta theluji kwenye kuba la kioo la kamera yake, nami humshikia ngazi, maana mtu akianguka hapa daktari ni ndege. Nimemfundisha maneno machache ya kwetu. Anajua “mkate zaidi” na “shika ngazi.” Mengine hayana umuhimu.

Na yako inashikwa na nani?

Kidoti

*

Karakana
11 Januari

Kidoti,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa yule aliyeandika “Shikamoo Shangazi” pembeni ya namba ishirini na mbili kwa mwandiko wa mtu anayechora nyumba. Usifikiri sikuona. Nimemwonyesha msusi, na msusi amewaonyesha wengine.

Tumeuanza mwaka vizuri. Paka wamehamia saluni. Nimemaliza bango la duka la matairi, na ile herufi yako ya M yenye miguu mizuri imenikumbusha wewe.

Hapana hapana hapana! Kadi nzima! Nilikaa na kadi ile mchana kutwa bila kushika brashi. Miaka yote hii nimechanganya rangi, mtu akiniletea kipande cha pazia namtolea ukuta unaofanana, halafu nashindwa na hewa. Mwishowe nikajifunga kanga vizuri nikavuka barabara kwenda kwa Bwana Taa. Kwa ajili ya elimu tu.

Umewahi kuingia mle ndani? Si pachafu kama tulivyokuwa tukisema. Anaupitisha mrija wa kioo juu ya moto hadi ulegee, anaukunja kwa mikono huku akipuliza kwa mpira aliouuma mdomoni ili usijibane, na anafanya haraka, kwa sababu ukipoa umekwisha. Nikajaribu mimi. Nikapata kitu kama sikio la ng'ombe. Akasema ni herufi nzuri sana ya alfabeti ambayo bado haijagunduliwa.

Kisha akaniwashia mmoja wenye gesi ya neoni. Nyekundu ya kuchungwachungwa, tamu, inatetemeka kidogo kabla ya kutulia. “Gesi haichaguliwi rangi,” akaniambia. “Kila moja ina yake, kama watu na hasira zao. Mimi kazi yangu ni kuipa njia na kuipa umeme.” Nikamwambia maneno hayo ameyaiba mbinguni. Akasema mbinguni ndio walioanza kumwibia. Nilipopaka bango la matairi siku iliyofuata akaniambia mstari wa tatu umeinama, na ni kweli ulikuwa umeinama, ila mimi niliye juu ya ngazi sikuweza kuuona.

Ngazi inashikwa vizuri.

Ukuta bado hatujakubaliana. Na wewe na mtu wako wa kazi tu, sikuulizi kitu. Nimeisoma vizuri habari ya ile nyekundu mvivu. Nakuacha kwa amani, nakaa mbali, sikusukumi. Ila dakika mbili ni dakika mbili, usinifanyie mwaka.

Shangazi

*

Jikoni
10 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Jua limerudi! Tulitoka wote nje kulipigia makofi kama mchezaji aliyefunga bao. Lilikaa kidogo, likazama. Afya yangu njema, mikate yangu njema, na wewe naona uko na afya njema kupita kiasi. “Nikajifunga kanga vizuri.” Lini umewahi kujifunga kanga vizuri kwa ajili ya elimu? Na huyo aliyeuona mstari wa tatu umeinama alikuwa amesimama wapi, Shangazi? Chini ya ngazi huwa kuna nafasi ya mtu mmoja tu.

Hujibu, najua. Basi nikupe habari itakayokukalisha chini. Nilikuwa nikikuonea huruma kwamba unasimuliwa tu mambo haya. Nikamwambia mpima anga, masikini shangazi yangu, kwetu mbingu ni nyeusi. Akasema si kweli. Kumbe mbingu za dunia nzima zinatoa mwanga kila usiku, kila mahali, hata juu ya karakana yetu! Mchana jua linazivunja oksijeni za huko juu vipandevipande, na usiku vile vipande vinatafutana, vinashikana tena, na katika kushikana vinatoa mwanga. Ni kijani hiki hiki, ndugu yake wa damu, ila hafifu mno. Macho hayakioni. Kamera ikiachwa wazi muda mrefu mahali penye giza inakiona.

Tangu uliponibeba mgongoni kilikuwa kiko juu yetu, Shangazi. Nimeliwaza hilo nikikanda unga hadi nikasahau kutia chumvi.

Kuna jambo lingine nilitaka kukuambia. Wamenipa nafasi ya kubaki mwaka mwingine, lakini hilo nimeshalijibu, nimesema narudi kwetu. Jambo lenyewe si hilo. Ila naona karatasi imekwisha.

Kidoti

*

Karakana
15 Machi

Kidoti mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Karatasi yako ilikuwa na nusu nzima tupu, na nimeigeuza nyuma nako kulikuwa kutupu, lakini nilisema sikusukumi, na sikusukumi. Badala yake naanza mimi, usije ukasikia kwa msusi.

Nilimsomea Bwana Taa ile habari ya mwanga wa kila usiku. Alitazama mabango yake barabara nzima. Halafu akasema, “Basi tatizo la mtaa huu ni mimi. Hamwoni kitu kwa sababu ya taa zangu.”

Kidoti, mtu yule alipita mlango kwa mlango. Duka la dawa, kinyozi, matairi, hoteli ya kona, kote kwenye mirija yake, akawaomba wamruhusu azime mabango usiku mmoja. Mwenye hoteli alimtukana, yeye akavumilia, akarudi tena. Taa za barabarani unazijua, ziliungua zamani. Jumamosi ikafika, akaanza kuzima. Moja, nyingine, nyingine. Nilisimama mlangoni nikaona barabara nzima inakuwa giza, na mwisho kabisa akazima la kwake mwenyewe.

Tukapanda juu ya dari letu na ile kamera anayopigia picha mabango yake, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu kando ya tangi la maji, tukaiacha wazi, tukaambiana tusitikisike. Mimi nikashikwa na kicheko, unanijua. Picha ya kwanza imetikisika. Ya pili ni hii niliyoiweka humu. Itazame pole pole. Lile jeusi ni tangi letu, ule ni waya wa kuanikia nguo, na nyuma yake, kijani! Kidogo tu, kama maji yaliyosafishiwa brashi, lakini ni kijani. Nililia, mwanangu. Nilicheka na kulia kwa pamoja na makamasi yakanitoka.

Hapo ndipo aliposema. “Mama Rangi, mimi maisha yangu yote ni kuwasha. Leo nimezima. Sijui nikuambie nini zaidi ya hapo.”

Nilielewa, si mtoto mimi. Naye akaniuliza waziwazi kama nitakubali anioe. Nikamwambia hapana. Kidoti anarudi Aprili, nikasema. Chumba chetu kina vitanda viwili, na sikumlea mtoto wa kaka yangu ili arudi kutoka mwisho wa dunia akute mwanamume ameweka viatu chini ya kitanda chake. Akasema ameelewa. Akashuka, akawasha mabango yote, na tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu mno. Adabu hiyo inanichosha kuliko kelele zake za zamani.

Usijilaumu. Nimefanya nilichotaka. Uje tu, nimepaka dirisha lako rangi upya.

Shangazi

*

Jikoni
15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za hali ya hewa wala za mkate. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana, na sasa nimechoka kudondosha machozi kwenye unga.

Nampenda. Hilo ndilo lililokuwa kwenye nusu ya karatasi tupu.

Usiku ule wa kadi, alipoyaacha masikio yake wazi kwenye baridi akaendelea kubishana nami kuhusu kumi na tisa ili wewe usikose namba, nilijua nimekwisha. Sijasema kwa sababu ningesema ungenielewa, na ungenielewa ungeniambia nikae, na ungeniambia nikae ungebaki peke yako kwenye karakana ile na ngazi imeegemezwa ukutani. Nakujua. Hiyo “inashikwa” yako naijua pia. Hata kama kuna aliyepita siku moja akauona mstari wako, siku nyingine haishikwi na mtu.

Wiki iliyopita mbingu zikawa nyekundu. Si kijani, nyekundu, tangu juu hadi kwenye vilima, jambo ambalo hata wao huliona mara chache. Sote tulikuwa nje midomo wazi. Akaniomba nibaki. Si kituoni, Shangazi. Nibaki naye, popote atakapokuwa. Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nina shangazi, na shangazi ana ngazi.

Akafikiri. Akauliza ngazi hiyo ina urefu gani. Mtu wa vipimo huyo! Nilicheka nikilia, nikamwambia ni ndefu kuliko anavyodhani, nikaingia ndani.

Anakula mkate wake kwenye chumba cha mitambo siku hizi. Hasemi “zaidi.”

Narudi na ndege ya mwisho wa Aprili. Usinionee huruma, nitafurahi nikikuona, naapa. Niliona vyema ukweli huu uujue kabla hujanipokea, kwa sababu uso wangu haujui kudanganya.

Kidoti

*

Karakana
2 Aprili

Kidoti!

Marahaba, mzima, wazima, paka wazima, yamekwisha hayo!

Barua zetu zimepishana angani. Tarehe moja, mwanangu, siku moja! Wewe umekataa kwa ajili yangu na mimi nimekataa kwa ajili yako, na wanaume wawili wenye heshima zao wanakula peke yao kwa sababu ya ngazi. Niliposoma “shangazi ana ngazi” nilikaa juu ya debe bila kuangalia kama lina kifuniko. Halikuwa na kifuniko. Kijani namba kumi na saba, debe jipya.

Sikubadilisha nguo. Ningebadilisha ningepata muda wa kujiona mjinga. Nilivuka barabara hivyo hivyo, mbele Mama Rangi na nyuma mbingu zako, msusi yuko mlangoni na kichana mkononi anapiga vigelegele kabla hajajua ni vya nini. Bwana Taa alikuwa na mpira mdomoni, anakunja mrija. Nikamwambia, “Ndiyo.” Akatoa mpira. “Ndiyo nini?” Nikamwambia asinichoshe, anajua ndiyo nini. Mrija ukampoa mkononi ukaharibika, umekuwa kitu kama sikio la ng'ombe. Amesema atauwasha na kuutundika mlangoni kwetu, na mimi nimekubali.

Sasa nisikilize vizuri. Ngazi yangu inashikwa na Bwana Taa tangu Oktoba. Tangu Oktoba, Kidoti! Hujamaliza hata mwezi huko, aliniona nimeiegemeza kwenye mti, akaja akaishika bila kusema neno, na mimi nikajifanya sijui kuna mtu. Nilikuficha kwa sababu nilimtukana mbele yako miaka yote, nikaona aibu. Ukuta wa msusi tunaufanya wote wawili: mimi napaka mapaa na tangi na waya wa nguo, yeye anakunja mbingu, kijani chini na nyekundu juu, kama mlivyosema.

Njoo kwenye harusi, halafu uondoke. Sikukulea ili uwe mguu wa ngazi. Nilikulea ili siku moja uone kitu cha ajabu na uje mbio kuniambia, na umeshafanya hivyo, tena kwa mayowe na beseni. Kitanda chako kitabaki. Viatu vyake nitavitafutia pahali pengine.

Sasa weka barua hii chini. Kama kuna donge la unga linaumuka, liache liumuke. Nenda kamwambie huyo mtu. Dakika zako mbili zimekwisha zamani.

Shangazi yako, bado nyuma ni kijani, haitoki hata kwa mafuta ya taa

*

Jikoni
19 Aprili

Shangazi,

Shikamoo kwako, na shikamoo kwa Bwana Taa, ambaye namwomba msamaha kwa majina yote niliyowahi kumwita.

Mikate yote ya leo imeungua, kwa sababu nilikutii. Niliweka barua chini, nikaacha donge linaumuka na mikate mingine iko tanurini, nikatoka. Tunakuja wawili na ndege ya mwisho wa mwezi. Atahitaji kofia pana, hajawahi kuona jua letu. Kadi ya rangi ataibeba mwenyewe, anasema bado hakubaliani na kumi na tisa.

Nilimkuta juu ya paa anafuta kuba la kioo. Mbinguni hakukuwa na chochote, mawingu matupu, bila hata rangi moja ya kunipa ujasiri. Tangu nilipomkataa alikuwa akipanda peke yake, na ngazi ilikuwa imeegemea ukuta, inayumba kila alipopeleka mkono mbali. Nikaishika. Chuma kilikuwa na baridi ya kunasa vidole, na mimi nilikuwa nimesahau glavu jikoni. Ikaacha kuyumba, naye akaacha kufuta.

“Nani ngazi?” akauliza kwa lugha yetu, bila kutazama chini.

“Mimi,” nikasema.

Akakunja kitambaa, akakitia mfukoni. Kisha akauliza, taratibu, kwa maneno ambayo sikumfundisha na sijui ameyatoa wapi, “Mpaka lini?”

Nikamwambia yeye ndiye mpima, basi apime mwenyewe.

Kidoti